Jinsi ya kufuatilia joto la prosesa na kadi ya michoro unapocheza gemu

Gemu ikienda vizuri dakika ishirini za mwanzo kisha ikaanza kukwama, usikimbilie kulaumu draiva wala intaneti. Kagua joto kwanza. Prosesa na kadi ya michoro zina kinga ndani kwa ndani: zikifikia kikomo cha joto zilichowekewa na mtengenezaji, hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Mchezaji haonyeshwi onyo lolote. Anachoona ni fremu kuporomoka pale pambano linapokolea, zikarudi, zikaporomoka tena. Kinga hiyo ikizidiwa, kompyuta hujizima papo hapo.

Wengi hufika hadi kusakinisha programu ya kupima, wakaona nyuzi 84, kisha wakaanza kuuliza: je, 84 ni mbaya? Swali hilo halijibiki. Kwenye laptopu nyembamba inayoendesha gemu nzito, prosesa kusoma nyuzi 84 ni jambo la kawaida. Kwenye kompyuta ya mezani yenye kipozajoto kikubwa, ambayo miezi michache nyuma ilikuwa ikisoma 65 kwenye gemu hiyohiyo, nyuzi 84 ni dalili kwamba kuna kitu kimelegea, kimeziba au kimekufa. Namba ya joto peke yake ni nusu ya habari. Nusu ya pili iko kwenye kasi ya chipu, wati inazokula, mzunguko wa feni na joto la chumba, na vyote hivyo visomwe kwa muda, si kwa kuchungulia mara moja. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuzipata namba hizo zote na jinsi ya kuzisoma pamoja.

Hatua ya 1: Jua kikomo cha chipu yako

Kila prosesa ina kikomo chake, na hakilingani na cha jirani yake. Andika jina kamili la prosesa yako kwenye tovuti ya Intel au AMD, fungua ukurasa wa sifa zake, utafute kiwango cha juu cha joto la uendeshaji. Prosesa nyingi za Intel Core za mezani zimewekewa nyuzi 100 za Selsiasi, na za Core Ultra 200S zimepandishwa hadi 105. Kwa AMD namba hutofautiana hata ndani ya familia moja: Ryzen 5 5600X ina kikomo cha 95, Ryzen 7 5800X ina 90, na Ryzen 7 7800X3D ina 89.

Ryzen 7000 za kawaida zinahitaji maelezo ya ziada, kwa sababu zimewatia watu wengi hofu bure. Kikomo chake ni 95, na AMD ilizitengeneza kwa makusudi zipandishe kasi hadi zigonge 95 pale viini vyote (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu, cores) vinapofanya kazi nzito kwa pamoja. Ukiona 95 wakati wa kuchakata video ndefu, prosesa inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Gemu lakini haishughulishi viini vyote kwa kiwango hicho, kwa hiyo ukiigonga 95 katikati ya mchezo na ikaganda hapo, hapana budi uchunguze.

Kwenye kadi za michoro, NVIDIA imeweka nyuzi 93 kwa RTX 3080 na 90 kwa RTX 4090. Kadi hizi hata hivyo hazisubiri kikomo. Huanza kupunguza kasi kidogo kidogo tangu mapema, takriban megahezi 15 kwa kila ngazi, kadiri joto linavyopanda, na kwa mipangilio ya kiwandani nyingi hulenga kubaki karibu na 83. Radeon za kisasa, ambazo ni kadi za AMD, huongozwa na joto la sehemu iliyo moto kuliko zote ndani ya chipu, na AMD ilieleza mwaka 2019, kadi ya RX 5700 XT ilipotoka, kwamba sehemu hiyo kufika hadi 110 kumo ndani ya kiwango kinachokubalika.

Andika vikomo viwili, cha prosesa na cha kadi, mahali utakapoviona. Utavirudia.

Hatua ya 2: Chagua programu, uipakue mahali sahihi

Kama unataka kuchungulia tu, Windows inatosha. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua kichupo cha Performance, bofya GPU, yaani kadi ya michoro, chini upande wa kushoto. Tangu sasisho la Windows 10 la Mei 2020, joto la kadi huonekana hapo, mradi ni kadi inayojitegemea na si ile iliyojengwa ndani ya prosesa. Joto la prosesa hutalipata hapo, wala joto la sehemu zilizo moto zaidi ndani ya kadi. Ni dirisha la haraka, si chombo cha kupimia.

Kwa kazi yenyewe ninapendekeza programu mbili, zote za bure: HWiNFO kwa kusoma na kuhifadhi namba, na MSI Afterburner pamoja na mwenzake RivaTuner Statistics Server kwa kuonyesha namba juu ya gemu. Jina la MSI, ambayo yenyewe hutengeneza kadi, lisikuzuie. Afterburner inafanya kazi kwenye kadi za kampuni yoyote. HWMonitor ya CPUID nayo ni nyepesi na haina utata, ila haikupi nafasi ya kupanga na kuchambua kama HWiNFO.

Pakua kutoka kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe tu. Mwaka 2021 MSI ilitoa onyo kuhusu tovuti bandia iliyofanana na yake na kugawa Afterburner yenye programu hasidi ndani, kwa hiyo tangazo la kulipiwa linalokaa juu ya matokeo ya utafutaji si la kuamini kwa sababu tu limekaa juu. Pia, tangu 2025 kinga ya Windows imekuwa ikizuia draiva iitwayo WinRing0, ambayo programu kadhaa za kusoma vihisi na kuendesha feni ziliitegemea, kwa sababu ya udhaifu wa kiusalama uliojulikana tangu 2020. Onyo hilo likikutokea, usizime kinga. Sasisha programu hiyo, au uhamie kwenye nyingine.

Usifungue programu mbili za vihisi kwa wakati mmoja bila sababu. Zikigombania kihisi kimoja kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), namba huruka ovyo, feni husomeka sifuri, na utaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Programu za taa za rangi na za kupoza kwa maji zinahesabika humohumo.

Watumiaji wa Linux wana njia fupi: kifurushi cha lm-sensors kwa prosesa (endesha sensors-detect mara moja, kisha amri ya sensors), nvidia-smi kwa kadi za NVIDIA, na MangoHud kwa kuonyesha namba juu ya gemu. Yote yanayofuata kuhusu kupima na kusoma yanawahusu vilevile.

Hatua ya 3: Punguza orodha ya HWiNFO

Fungua HWiNFO, weka alama kwenye Sensors-only, bonyeza Start. Orodha itakayotokea ni ndefu kupita kiasi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mistari unayoihitaji haizidi kumi na mbili hivi.

Upande wa prosesa (CPU), tafuta CPU Package na Core Max kama una Intel, au CPU (Tctl/Tdie) kama una AMD. Ongeza CPU Package Power, ambayo ni wati, na kasi ya viini. Tafuta pia mistari yenye maneno Thermal Throttling. Hiyo hujibu ndiyo au hapana kama prosesa imejipunguza kasi kwa sababu ya joto.

Upande wa kadi, chukua GPU Temperature, GPU Hot Spot Temperature (joto la sehemu iliyo moto kuliko zote ndani ya chipu), GPU Memory Junction Temperature (joto la memori ya kadi), GPU Clock, GPU Power, matumizi ya kadi kwa asilimia na mzunguko wa feni. Kwa NVIDIA kuna mstari uitwao Performance Limit - Thermal, usiuache. Usishangae ukikosa baadhi ya hivi. Kadi za mfululizo wa RTX 50 hazitoi tena joto la Hot Spot, na kadi nyingi za zamani hazikuwa na kihisi cha memori kinachosomeka.

Mistari mingine yote bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya uifiche. Kabla ya kuificha utakutana na vituko: mstari wa mazabodi unaosema nyuzi 127, au mwingine ulio chini ya sifuri, mara nyingi kwenye majina kama AUXTIN. Hivyo ni vihisi ambavyo chipu ya mazabodi inavijua lakini havijaunganishwa na kitu chochote. Hakuna kinachoungua.

Kuna tatizo la namna hiyo lililowahi kuwasumbua wengi. Ryzen 7 1700X na 1800X za mwaka 2017 ziliripoti joto lililoongezwa nyuzi 20 kwa makusudi, kwa ajili ya kuendesha feni, na wamiliki wakaona 85 pale prosesa ilipokuwa kwenye 65. HWiNFO hutenganisha namba hizo mbili. Kama bado unatumia mojawapo ya prosesa hizo na programu ya zamani ya kupimia, isasishe kabla hujanunua kipozajoto kipya.

Kila mstari una safu nne: sasa, chini kabisa, juu kabisa na wastani. Chini ya dirisha kuna kitufe chenye picha ya saa kinachofuta kumbukumbu ya safu hizo na kuanza upya. Kibonyeze kila unapoanza jaribio, la sivyo kilele unachokisoma kinaweza kuwa cha asubuhi, wakati Windows ilipokuwa ikijisasisha.

Hatua ya 4: Weka namba juu ya gemu

Kwenye Afterburner bonyeza alama ya gia, nenda kichupo cha Monitoring. Kwa kila kipimo unachokitaka fanya mambo mawili: weka alama ya vema pembeni ya jina lake, kisha chini uweke alama kwenye Show in On-Screen Display. Kosa moja kati ya hayo mawili na hutaona kitu. Chagua vichache: joto la kadi, kasi yake, wati, matumizi, joto la prosesa, fremu kwa sekunde na muda wa fremu. Kwenye kichupo cha On-Screen Display weka kitufe cha kibodi cha kuficha na kurudisha maandishi. RivaTuner lazima iwe inaendeshwa nyuma, vinginevyo maandishi hayatokei.

Usiyetaka kusakinisha chochote, tumia kilichokuja na draiva: Alt+R kwenye programu ya NVIDIA, Ctrl+Shift+O kwenye Adrenalin ya AMD.

Baadhi ya gemu za mtandaoni zenye mfumo mkali wa kuzuia udanganyifu hukataa maandishi ya RivaTuner. Usitafute njia ya kuzunguka. Unahatarisha akaunti yako kwa ajili ya namba unazoweza kuzipata kwa HWiNFO ikiandika kimyakimya nyuma ya gemu.

Hatua ya 5: Pima

Washa kompyuta, iache dakika kumi bila kazi, andika namba za utulivu na joto la chumba. Joto la chumba si pambo. Chumba kikipanda nyuzi 8, tegemea chipu nayo kupanda karibu kiasi hichohicho, na ukilinganisha kipimo cha usiku wa baridi na cha mchana wa jua kali bila kuandika chumba kilikuwaje, umelinganisha hali ya hewa. Kadi ikisoma 48 ikiwa imetulia huku feni zake zimesimama, iache. Kadi nyingi za sasa husimamisha feni hadi joto lipite karibu nyuzi 50 au 60.

Kisha chagua gemu nzito unayoicheza kweli, weka mipangilio ya picha ambayo hutaibadilisha, chagua eneo moja lenye shughuli nyingi. Kwenye HWiNFO bonyeza kitufe cha kuanza kuhifadhi, kilicho chini ya dirisha, uchague jina la faili. Bonyeza kitufe cha saa. Ingia kwenye gemu, cheza nusu saa mfululizo.

Nusu saa ina sababu yake. Chipu yenyewe hubadilika joto kwa kufumba na kufumbua, lakini chuma cha kipozajoto huchukua dakika kadhaa kujaa, na hewa iliyo ndani ya kasha huchukua muda zaidi. Jaribio la dakika tano linakuonyesha kipozajoto ambacho bado kina nafasi ya kumeza joto. Matatizo huanza nafasi hiyo ikishakwisha.

Usipime kwa kutoka nje ya gemu kwa Alt+Tab na kusoma safu ya sasa. Ukitoka tu, gemu nyingi hupunguza kazi, na ndani ya sekunde mbili tatu prosesa yaweza kuwa imeshuka nyuzi 15. Utasoma 70 uondoke umeridhika, ilhali ilikuwa 88. Soma safu ya juu kabisa na wastani, au bora zaidi, faili.

Programu za mateso kama FurMark au Prime95 siziweki kwenye jaribio hili. Zinaunguza kuliko gemu yoyote, tena kwa namna isiyofanana na gemu, na jibu zinalokupa ni la swali jingine. Anayecheza apime kwa kucheza.

Hatua ya 6: Soma unachokiona

Fungua faili kwa programu ya majedwali. Kila mstari ni kipimo kimoja, kwa kawaida kimoja kila sekunde mbili. Chora grafu ya joto na ya kasi kwenye mchoro mmoja, na chini yake ya wati.

Tuseme kadi yako imetoa hivi. Dakika ya 3: nyuzi 71, megahezi 2,640, wati 220, feni mizunguko 1,450. Dakika ya 12: nyuzi 79, megahezi 2,595, wati 219, feni 1,900. Dakika ya 25: nyuzi 83, megahezi 2,430, wati 188, feni 2,300. Matumizi ya kadi yamebaki asilimia 98 muda wote. Anayetazama joto pekee ataona limepanda na kutulia kwenye 83, na 83 haionekani kuwa mbaya. Tazama wati. Kadi ina kazi ileile lakini inakula wati 32 pungufu, na feni ndiyo kwanza inakimbia zaidi. Joto limetulia kwa sababu kadi imejinyima. Huko ndiko kujipunguza kasi, na fremu ulizozipoteza ziko hapo.

Sasa chukua kadi nyingine iliyotulia kwenye 83 hiyohiyo, lakini kasi ikabaki 2,580 na wati 219 kuanzia dakika ya 12 hadi ya mwisho. Hiyo ina joto tu. Haina tatizo, na kama kelele haikusumbui unaweza kuiacha kama ilivyo.

Kwa hiyo unachokitafuta kwenye grafu ni umbo, si kilele. Mstari wa joto uliolala bapa kabisa kwenye kikomo, huku mstari wa kasi chini yake ukipanda na kushuka kama meno ya msumeno, ndiyo sura ya chipu inayojizuia. Kilele cha sekunde moja hakina maana kubwa. Prosesa hasa huruka sana: gemu ikipakia ramani, au ikiandaa programu ndogo za picha (shaders) mara ya kwanza baada ya sasisho, viini vyote hushughulika kwa pamoja na joto laweza kugonga 90 kwa dakika kadhaa. Likishuka ukianza kucheza, endelea.

Kwa prosesa, joto na wati zikilinganishwa zinakuambia mengi kuliko kingine chochote. Nyuzi 92 kwa wati 170 ni kazi nyingi. Nyuzi 92 kwa wati 60, chini ya kipozajoto kikubwa cha mezani, ni kipozajoto kisichoigusa chipu vizuri: skrubu imelegea, pasta ya joto (inayopakwa kati ya chipu na kipozajoto) imekauka, utando wa plastiki wa kiwandani haukubanduliwa, au pampu ya maji imesimama. Kama unapoza kwa maji, tafuta mstari wa mzunguko wa pampu. Ukisoma sifuri, hakikisha kwanza waya wake umechomekwa mahali ulipotarajia kabla ya kuihukumu pampu.

Kwa kadi, angalia pengo kati ya joto la kawaida na la Hot Spot. Nyuzi 10 hadi 15 ni za kawaida. Pengo likipita 25 au 30 kadi ikiwa na kazi nzito, kipozajoto hakijakaa sawasawa juu ya chipu au pasta imetoka mahali pake. Mfano wa wazi ulitokea mwishoni mwa 2022: baadhi ya Radeon RX 7900 XTX za muundo wa AMD yenyewe zilisoma joto la kawaida lisilotisha huku Hot Spot ikigonga 110 na kadi kujipunguza kasi. Januari 2023 AMD ilikiri kwamba sehemu ya kadi hizo zilitengenezwa na kioevu pungufu ndani ya chemba ya mvuke ya kipozajoto. Aliyetazama namba moja tu asingelijua.

Memori ya kadi nayo ina joto lake. Memori za GDDR6X, zilizo kwenye RTX 3080, 3090 na nyingi zilizofuata, huanza kujizuia kwenye 110. Ikikaa karibu na 100 au zaidi kwa muda mrefu, ningeshughulikia hewa ya kasha na feni za kadi hata kama chipu yenyewe iko kwenye 70.

Laptopu zina sheria yake. Prosesa na kadi mara nyingi hushiriki mabomba yaleyale ya kupitishia joto, kwa hiyo kadi ikifanya kazi nzito prosesa huungua hata kama haina la kufanya. Prosesa kufika 90 na ushee kwenye laptopu za gemu ni jambo la kila siku. Hapo swali ni moja tu: je, kasi na fremu za dakika ya 25 zinafanana na za dakika ya 8? Kama ndiyo, iko sawa kwa umbo lake.

Na kama matumizi ya kadi yako ni asilimia 60, joto 64, hakuna mstari wa Thermal uliosema ndiyo, na bado gemu inakwama, acha kutafuta kwenye joto. Tatizo liko kwingine.

Hatua ya 7: Shusha joto, jambo moja baada ya jingine

Badilisha kitu kimoja, rudia jaribio lilelile la nusu saa, andika. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kilichosaidia.

Anza na fremu. Skrini ya hezi 60 haiwezi kuonyesha fremu 160, na kadi inayozitengeneza inapasha moto chumba bure. Weka kikomo cha fremu ndani ya gemu, kwenye draiva au kwenye RivaTuner. Menyu za gemu ndizo zinazosahaulika zaidi. Picha rahisi isiyo na kikomo huifanya kadi kutoa mamia ya fremu kwa sekunde wewe ukiwa unachagua silaha.

Kisha vumbi. Kwenye kompyuta ya mezani linaonekana kwa macho, kwenye vichujio na mapezi. Kwenye laptopu limejificha: hujikusanya kati ya feni na mapezi ya shaba, likajisuka kuwa utepe mnene wa kijivu ambao waweza kuunyanyua mzima kwa koleo ndogo. Ukipuliza hewa kutoka nje bila kufungua, mara nyingi unausukuma tu utepe huo huku na huku. Zima kompyuta, chomoa umeme, fungua mfuniko wa chini, shikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, ndipo upulize. Feni inayozungushwa kwa nguvu ya hewa inaweza kuharibika beringi.

Kwa kompyuta ya mezani kuna jaribio ninalolipenda kwa sababu halihitaji kununua kitu. Ondoa ubavu wa kasha, rudia nusu saa yako. Joto likishuka nyuzi 5 au zaidi, kasha halipumui: panga feni za mbele ziingize hewa na ya nyuma iitoe, safisha vichujio, sogeza kasha mbali na ukuta. Lisiposhuka, shida iko kwenye kipozajoto chenyewe. Laptopu, inyanyue nyuma matundu ya chini yapate nafasi. Kitanda na mto huyaziba kabisa.

Halafu feni. Kwenye Afterburner, kichupo cha Fan, unaweza kuchora mwenendo wako: joto kadhaa, asilimia kadhaa. Panda polepole hadi 65, kisha kwa kasi zaidi kuanzia 70. Usichore ngazi kali, maana feni itapiga kelele na kunyamaza kila dakika. Ukitaka kushuka zaidi, punguza Power Limit, yaani kikomo cha wati za kadi, hadi asilimia 85 hivi. Kadi nyingi hupoteza fremu chache tu kwa badiliko hilo, na joto hushuka pamoja na kelele.

Kubadilisha pasta ya joto kuje mwisho. Kwenye prosesa ya mezani ni kazi ya nusu saa. Kwenye kadi na laptopu ni kazi ya uangalifu mkubwa, kuna pedi za memori zenye unene maalumu, na kufungua kunaweza kukugharimu dhamana. Kama kadi bado ina dhamana na pengo la Hot Spot ni kubwa, peleka faili lako la vipimo kwa aliyekuuzia. Faili lenye muda, wati na kasi ni vigumu kubishana nalo.

Hatua ya 8: Weka tahadhari

Ukishajua namba za kawaida za mashine yako, huna haja ya kuzikodolea macho kila siku. Kwenye mipangilio ya vihisi vya HWiNFO kuna kichupo cha Alerts. Chagua joto la prosesa, weka tahadhari nyuzi 5 chini ya kikomo ulichokiandika mwanzoni, au juu kidogo ya kilele chako cha kawaida kama mashine yako hukaa karibu na kikomo. Fanya vivyo hivyo kwa Hot Spot na memori ya kadi, kisha uongeze ya feni: mzunguko ukishuka chini ya kiwango fulani joto likiwa juu, ikupigie sauti. Feni ya kadi inayosimama kwa makusudi usiiwekee.

Hifadhi faili la jaribio lako la kwanza kwa jina lenye tarehe na joto la chumba. Rudia jaribio hilohilo kila baada ya miezi mitatu minne, na kila unapobadilisha kadi, kasha au mahali pa kompyuta. Kilele kikiwa kimepanda nyuzi 6 katika chumba chenye joto lilelile, rudi kwenye vumbi kwanza.